Magharibi ya Siku ya Fainali

Siku ile walikuwepo watu saba. Alikuwepo Bi Kazija, mwenye chumba. Alikuwepo mwanawe Pandu, seremala, na Mwanakheir mkewe Pandu, na Jaku mtoto wao wa miaka mitatu. Kutoka nyumba ya pili alikuja Muhiddin, karani wa bandarini, pamoja na mkewe Mwatum. Na alikuwepo Jecha, mchukuzi wa Kitumbatu, ambaye akicheka vikombe hugongana kwenye sinia. Ilikuwa Jumamosi, tarehe thelathini Julai, mwaka 1966, katika nyumba ya mawe Mkunazini. Wote walikuja kusikiliza fainali ya Kombe la Dunia iliyokuwa ikichezwa London.

Redio ilikuwa ya Muhiddin. Betri zake alizianika juu ya paa tangu asubuhi ili zipate nguvu, na mchana akapanda mara mbili kuzigeuza kama mtu anayegeuza papa. Lakini kwake redio haikukamata, ilikuwa ikikohoa tu. Kwa Bi Kazija, chumba cha juu, palikuwa na dirisha la upande wa magharibi, na kando ya dirisha palikuwa na kidaka ukutani. Redio ikiwekwa ndani ya kidaka kile, na waya ukipitishwa dirishani kwenda paani, sauti ya London ilikuja safi kama mtu anazungumza chumba cha pili.

Ila kidaka kile kilikuwa na mwenyewe.

Miaka arubaini Bi Kazija aliweka pale chetezo chake cha udongo. Kila jua likizama alichoma ubani na kusema, "Mgeni, jua limezama. Karibu upumzike." Mgeni ni nani, hakuna aliyemuuliza. Nyumba nyingi za mjini zina jambo lake, na jambo la nyumba hii lilikuwa jepesi. Mgeni hakutaka mbuzi wala ngoma. Alitaka kuambiwa tu kuwa siku imekwisha. Macho ya Bi Kazija yalipozimika, miaka tisa nyuma, kazi ya kuwasha mkaa ilimwangukia mkwewe.

"Kiondoeni chetezo muweke redio yenu, wanangu," Bi Kazija alisema mchana ule. Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mito. "Siku moja si neno. Lakini magharibi ikiingia niambieni. Mie sioni, na mgeni husubiri mdomo wangu."

"Tutakwambia, mama," walijibu wote kwa pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani.

Mpira ulianza saa kumi na moja. Mtangazaji alisema Kiingereza, na Muhiddin akatafsiri amesimama karibu na kidaka, mkono nyuma, kama yuko ofisini.

"Mwingereza kachukua... anakwenda... kanyang'anywa."

"We Muhiddin," alisema Jecha, "yule bwana kasema maneno mia, wewe watupa matatu. Mengine wayala?"

"Mengine ni salamu tu."

"Salamu! Basi niwie radhi, mie niko na Mjerumani. Mwingereza nimembebea masanduku miaka kumi, hata ahsante sijaisikia."

Mjerumani akafunga kwanza. Jecha alimrusha Jaku juu mpaka kichwa cha mtoto kikakaribia boriti, na hapo Pandu akacheka.

Mwanakheir alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Akasimama pale pale. Tangu walipomzika mtoto wao wa kike, miezi mitano nyuma, Pandu hakuwa amecheka. Alikuwa akirudi kazini, akila, akiosha mikono, na kugeukia ukuta. Sasa alikuwa anacheka kinywa wazi, machozi yanamtoka, anampiga Jecha mgongoni. Mwatum aliuona uso wa Mwanakheir, akaipokea sinia mikononi mwake. Mwatum alikuwa hivyo.

Mwingereza akasawazisha. Kipindi cha pili kikaingia wakiwa bao moja kwa moja. Mwanakheir alikaa kwenye kizingiti cha dirisha, na kutoka pale aliliona jua likishuka nyuma ya mapaa, likawa jekundu, likawa nusu, likawa ukucha, likaisha. Muadhini wa msikiti wa uchochoroni, mzee asiye na kipaza sauti, aliadhini kwa koo lake. Jecha aliisikia. Aliinuka nusu, akamtazama Muhiddin, akakaa tena. Muhiddin aliisikia, akasogeza sikio karibu zaidi na redio. Pandu na Mwatum waliisikia. Bi Kazija alikuwa upande wa kelele, chini kabisa ya kidaka.

"Mwanakheir," aliita. "Jua lishazama?"

Mwanakheir alimtazama mumewe. Pandu alikuwa amemweka Jaku mabegani, anatabasamu, anangoja jibu kama mtoto anayeogopa kuitwa ndani.

"Bado, mama."

Hakuna aliyesema kitu. Mwingereza akafunga la pili, chumba kikapiga kelele.

"Mbona kunguru washanyamaza?" Bi Kazija aliuliza tena.

"Bado, mama. Bado kidogo."

Zilibaki dakika chache. Mwanakheir alijiambia kuwa dakika chache Mungu atasamehe. Ndipo Mjerumani akasawazisha mwishoni kabisa, na Muhiddin akapandisha mikono kichwani akisema wanaongezewa nusu saa. Nje giza lilikuwa limeingia. Mwatum akawasha taa na kuishusha utambi.

"Mbu huyu wa nini saa hizi?" alisema Bi Kazija, kwa upole kabisa. "Mwanangu, jua lishazama?"

"Bado, mama."

Mwingereza alishinda manne kwa mawili. Muhiddin akazima redio, na katika kimya kile ikaingia adhana. Ilikuwa ya isha.

"Hiyo ndo magharibi?"

"Naam, mama," alisema Mwanakheir. "Ndo magharibi."

Akamtia udhu bibi kizee wa watu, akamwongoza mpaka kwenye msala, akasimama nyuma yake akimtazama anasali rakaa tatu wakati umeshapita. Mkaa ulikuwa umezimika jikoni. Alikirudisha chetezo kidakani bila ya moto. Bi Kazija alivuta hewa puani, akainusa, asiulize kitu.

Usiku ule Jaku hakulala.

Mwanzo walidhani ni furaha ya mchana. Lakini saa sita Mwanakheir aliposhtuka alimkuta mtoto amekaa kitako katikati ya mkeka, kwenye giza, mkono wake mdogo ameuweka juu ya nyusi kama mtu anayejikinga na jua. Anatazama dirisha lililofungwa.

"Jaku, baba, hulali?"

"Jua, mama," alisema mtoto. "Jua laumiza."

Akamvuta kifuani. Shavu la kushoto, la upande wa dirisha, lilikuwa la moto. La kulia lilikuwa baridi.

Siku ya pili, Jumapili, magharibi ilipokaribia, Mwanakheir aliwasha mkaa mapema na kutia ubani mwingi kuliko siku zote. Radhi anayoiomba aliijua mwenyewe. Adhana ilipokwisha, Bi Kazija akiwa kwenye msala chumba cha pili, alisogea kidakani na chetezo mikononi, akasema badala yake, "Mgeni, jua limezama. Karibu upumzike."

Mkaa ukazimika. Haukufifia kidogo kidogo kama mkaa wa kawaida, ulizimika wote mara moja, na badala ya harufu ya ubani ikatoka harufu ya betri iliyosahauliwa juani, ya chuma na chumvi, na ndani ya kidaka kitupu ambacho redio ilishaondolewa tangu jana, ambacho hakikuwa na kitu ila kipande cha waya alichokisahau Muhiddin, kukaanza mvumo mwembamba kama wa redio inayotafuta kituo, ukija na kupotea, ukija na kupotea, mpaka ndani yake akasikia mtu anauliza kutoka mbali sana, kwa adabu, kama msafiri anayeuliza njia: "Lishazama?"

Na nyuma yake, juu ya mkeka, Jaku akajibu bila ya kugeuza kichwa. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, laini, yenye haraka kidogo, na Mwanakheir aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza, kwa kuwa ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Bado, mama. Bado kidogo."

Hakumwambia mtu. Atamwambia nani, na aanzie wapi?

Jumatatu walimpeleka mtoto hospitali. Muuguzi mmoja mwenye huruma alimpakata saa nzima, na daktari akatoa dawa ya usingizi. Jaku aliinywa, akalegea viungo, lakini macho yalibaki wazi, na mkono ukabaki juu ya nyusi. Jumanne alianza kukataa chakula. Midomo ilimkauka. Ngozi ya shavu la kushoto ilianza kuchubuka kama ya mvuvi, na mtoto hakutoka nje hata mara moja.

"Mtoto asiyelala hafiki mbali," Mwatum alimnong'oneza mumewe ngazini, akidhani Mwanakheir hasikii.

Wote walikuwa wema, na wema wao ulimchoma. Mwatum alileta uji asubuhi na jioni na kuosha nguo bila ya kuombwa. Jecha, akitoka bandarini mabega yamemvimba, alimchukua Jaku akazunguka naye vichochoroni, akimwimbia kwa sauti nene nyimbo za kwao mpaka mwenyewe akasinzia anatembea. Muhiddin aliacha nje ya mlango ratili ya sukari, na hakuingia. Pandu alichonga kigari cha mbao usiku kucha, akakiweka mbele ya mwanawe. Mtoto hakukitazama. Pandu akageukia ukuta, kama zamani.

Na kila magharibi, kabla Bi Kazija hajarudi kutoka kwenye msala, mvumo ulikuja kidakani, na swali, na jibu.

Jumatano Mwatum alikwenda Mtoni akarudi na Bi Mize, mwanamke mfupi, mnene, mwenye mkoba wa ukili. Alikuwa akitibu watu wenye mambo. Hakufungua mkoba. Alimtazama Jaku, akapanda kukinusa kidaka, akashuka, akakaa chini na kunyoosha miguu.

"Siku lilipoanza jambo hili," aliuliza, "walikuwepo nani?"

Mwanakheir aliwataja mmoja mmoja.

"Umenihesabia saba. Kidakani je?"

Mwanakheir akaitazama ngazi ya kwendea chumba cha juu.

"Walikuwepo wanane, mwanangu. Wa nane mlimtia redio mapajani. Hilo kalivumilia. Kakasirishwa na nini?"

Ndipo Mwanakheir alipolia, akaeleza yote kwa kunong'ona, kitambaa kinywani, ili Bi Kazija asisikie kutoka chumba cha juu. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Basi hakukasirika. Ingekuwa hasira ningeitoa. Kaambiwa jua bado, na mdomo wa nyumba hii haujawahi kumwambia uongo. Kaamini. Sasa anangoja. Na kungoja peke yake kunamchosha, kamshika mkono mtoto wa aliyemwambia, wangoje pamoja."

"Mfukuze, Bi Mize. Nakuomba."

"Nimfukuze kwa kosa gani?" Bi Mize alishusha sauti. "Kesho waite wote waliokuwepo, kila mtu akae pale alipokaa. Umwambie ukweli yule uliyemdanganya, mbele ya wale walionyamaza. Kisha umwambie na yeye. Atakusikia. Kukuamini ni jambo jengine."

Usiku ule Mwanakheir alikaa kando ya mtoto wake, na alichokiogopa zaidi hakikuwa kidaka. Aliogopa uso wa Bi Kazija. Bi Kazija ndiye aliyempokea nyumbani hapa akiwa hajui hata kukuna nazi, ndiye aliyemfichia makosa yake kwa Pandu, ndiye aliyemwogesha mtoto wa kike kwa mikono yake ya kipofu siku ile ya mazishi kwa kuwa mama mtu alishindwa. Na katika dunia hii Bi Kazija alijivunia jambo moja tu, kuwa hajapitwa na sala ya magharibi tangu alipovunja ungo.

Alkhamisi walikuja wote. Jecha alikaa sakafuni, Muhiddin akasimama karibu na kidaka, mkono nyuma. Pandu alimpakata Jaku. Bi Mize alikaa mlangoni. Nje jua lilikuwa linashuka.

Mwanakheir akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nna jambo."

"Sema, mwanangu."

"Jumamosi uliniuliza kama jua lishazama." Aliyasema haraka, kabla ya kushindwa. "Lilikuwa lishazama. Mara zote tatu. Na adhana uliyoisikia ilikuwa ya isha. Nimekupitisha sala yako, mama. Nilikudanganya kwa ajili ya mpira."

"Na sisi tulinyamaza, Bi Kazija," alisema Jecha, ametazama chini. "Tulisikia wote."

Bi Kazija alinyoosha mkono, akatafuta kichwa cha mkwewe, akakipata.

"Najua," alisema.

"Wajua nini, mama?"

"Kunguru washalala, mbu kanipiga sikioni, na ukuta ushaanza kupoa mgongoni mwangu. Mie kipofu, mwanangu, si gogo. Nilijua tangu mara ya kwanza."

"Basi mbona hukusema?"

Bi Kazija akageuza uso upande wa mwanawe. "Nilimsikia Pandu anacheka," alisema. "Nikasema, acha acheke. Kila nilipokuuliza nilikuwa nakuomba unidanganye tena. Sala yangu niliiacha kwa macho yangu mawili haya mabovu, na hilo ntamjibu Mungu mwenyewe. Usilibebe wewe."

Pandu aliuficha uso wake kwenye nywele za mtoto, mabega yakamtikisika.

Muadhini akaadhini. Bi Mize akaashiria kwa kichwa, na Mwanakheir akainuka na chetezo, moshi wa ubani unapanda, akasimama mbele ya kidaka. "Mgeni," alisema, "nilisema uongo. Jua lilizama Jumamosi, na leo limezama tena. Nisamehe. Karibu upumzike, umwachie mwanangu."

Mkaa ukazimika.

Mvumo ukaanza, na mara hii haukuwa mwembamba, ulijaa chumba kizima kama kelele za watu maelfu uwanjani wanaosikika kutoka mbali ng'ambo ya bahari, wanapanda na kushuka, wanapanda na kushuka, mpaka Muhiddin akaziba masikio na Mwatum akaanza kusoma kwa midomo isiyotoa sauti, na harufu ya betri ikawakaba, na taa ikawa ndogo kama jicho la paka, na katikati ya kelele ile, kwa adabu ile ile, bila ya hasira yoyote, ikaja sauti ya anayengoja: "Lishazama?"

"Bado, mama," alisema Jaku kwa sauti ya mama yake, kichwa kimeanguka begani kwa Pandu, macho mekundu yako wazi. "Bado kidogo."

"Haniamini," Mwanakheir alinong'ona. "Bi Mize, haniamini!"

"Hakuulizi wewe," alisema Bi Kazija.

Alikuwa amejiinua kutoka kwenye mito, peke yake, jambo ambalo hakuliweza tangu masika. Akaelekeza uso kidakani.

"Miaka arubaini ananiuliza mie. Na mie nilijua, nikanyamaza mbele yake." Akanyoosha mkono wake mkavu hewani. "Mgeni wangu. Mwache mtoto, yeye bado mdogo wa kungoja. Njoo. Ntangoja nawe mimi. Nipe mkono."

"Mama!" Pandu alipiga kelele.

Kelele zikakatika, kama redio iliyozimwa. Macho ya Jaku yakafumba. Mkono wake ukashuka kutoka kwenye nyusi, taratibu, ukalala kifuani, na akaanza kukoroma kama mtu mzima aliyechoka. Mwanakheir alimrukia, akamshika mashavu. Yote mawili yalikuwa na joto moja.

Alipoinua kichwa kumshukuru Bi Kazija, aliona mkono wa kulia wa bibi kizee unapanda, polepole, kama unaoinuliwa na mtu. Ukafika usoni. Ukajikunja juu ya nyusi.

"Jua hilo," alisema Bi Kazija, na macho yake meupe yalikuwa yamefunguka kulielekea dirisha lenye giza. "Subhanallah. Miaka tisa sijaliona."

Hakulala tena. Bi Mize alikuja siku tatu mfululizo akaondoka na mkoba wake haujafunguliwa. Bi Kazija hakulalamika. Aliomba tu dirisha lifungwe, na lilikuwa limefungwa. Kila magharibi Mwanakheir alikaa kando yake, akamshika mkono ule mwengine, na kumwambia kwa sauti ya wazi, "Mama, jua limezama."

"Kwenu, mwanangu," Bi Kazija alijibu kwa upole. "Kwenu."

Alifariki Alkhamisi iliyofuata, asubuhi. Mwatum, aliyesaidia kumwosha, alisema shavu la kushoto lilikuwa limeungua kama la mtu aliyelima shamba bila ya kivuli. Macho walijaribu kuyafumba mara tatu.

Mwanakheir huwasha chetezo mpaka leo, na huyasema maneno kwa wakati wake. Mkaa huzimika.

Bi Kazija alizikwa Mwanakwerekwe, siku ile ile, saa kumi na moja jioni. Jua lilikuwa bado.